Vishikio vya joto vya pikipiki ya theluji: vitakubali kwenye Boxer?

Fromaji_Masisi
Jambo wakubwa. Ninateremsha fromaji (jibini) kutoka Masisi hadi Goma kwa Boxer 150. Anayeijua njia hiyo anajua: kabla jua halijatoka, ukungu wa kule kwenye malisho unalowesha glavu, kisha upepo unamalizia. Nikifika Sake vidole havisikii tena breki. Halafu mtu wa mjini anakuambia huku ni joto kwa sababu ya volkano!

Shemeji yangu wa Québec amenitumia, ndani ya mzigo wa nguo, vitu alivyovitoa kwenye pikipiki yake ya theluji: mipira miwili ya gidoni (usukani), karatasi mbili nyembamba zenye nyaya za kupasha moto, swichi, na kipande kimoja kidogo kama stempu, nacho kina nyaya. Maelezo hakuna. Je, vitaingia kwenye Boxer? Batri yangu ya 5 Ah (ampea-saa 5) itavumilia? Na hicho kidogo ni cha nini?

Motari_Ndosho
Uza, nunua glavu nzuri. Mimi navaa mfuko wa plastiki ndani ya glavu na maisha yanaendelea.

Fundi_Birere
Mdogo wangu, usiuze kwanza.

Hicho kidogo ni cha dole gumba. Zile pikipiki hazina akseleta ya kuzungusha. Kuna kijiti upande wa kulia kinachosukumwa kwa dole gumba, na dole hilo hupashwa peke yake. Kwako hakina kazi.

Ila shida yako inaanzia hapohapo. Kwa kuwa wao hawazungushi, mipira yao yote miwili inakaa juu ya chuma cha gidoni. Wako wa kulia unakaa juu ya bomba la plastiki linalozunguka, na bomba hilo ni nene kuliko chuma. Usiulazimishe. Achana na mipira ya shemeji, chukua karatasi tu: moja ibandike kwenye chuma kushoto, nyingine kwenye bomba la akseleta kulia, kisha rudisha mipira ya Boxer juu yake.

Kushoto chuma kitakunyang'anya joto lote. Kabla ya kubandika, kivalishe ule mpira wa mafundi umeme unaonywea ukipashwa moto. Kulia plastiki yenyewe inazuia, hakuna haja.

Sasa sikiliza vizuri. Waya wa kulia uache na kitanzi kilicholegea, uzunguke pamoja na akseleta bila kuvutwa. Washa injini pikipiki ikiwa kwenye stendi, geuza gidoni kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, na kila mara vuta akseleta uachie. Isiporudi yenyewe papo hapo, usitoke uani. Akseleta iliyokwama kwenye mteremko wa Mushaki, na mzigo mgongoni, mimi sitaki kusikia habari zake.

Kuhusu batri: pima ukinzani wa kila karatasi kwa multimeta, ulete ohm.

Yaya_Kabare
Mimi niko Bukavu, kazi inanipitisha Tshivanga, ndani ya msitu wa Kahuzi, alfajiri. Kata bidoni ya njano ya lita 20, tengeneza ngao mbili mbele ya mikono, zifunge kwa vis (skrubu) kwenye mguu wa kioo. Haili umeme hata kidogo. Upepo ukizuiwa, nusu ya baridi imekwisha. Hakikisha tu haigusi levya ya breki wala ya klachi.

Fromaji_Masisi
Asante yaya, bidoni ipo. Fundi, nimepima: ohm 7.2 kila moja.

Fundi_Birere
Yaya amesema kweli, anza na ngao.

Hesabu: volti 12 mara 12 ni 144, gawa kwa ohm 7.2, unapata wati 20. Mbili ni wati 40, zaidi ya taa yako ya mbele ya wati 35. Ni ampea 3 na kitu. Injini ikiwa imezimika na swichi umeisahau, batri ya 5 Ah haifiki saa mbili. Injini ikizunguka polepole kwenye tope, huenda stata, ile koili ya injini inayozalisha umeme, isirudishe kinachotoka.

Mimi ningeziunga kwa mfululizo, moja ikipokea kutoka kwa nyingine. Hapo ohm zinakuwa 14.4, na zote mbili pamoja zinakula wati 10 tu. Bila ngao ungenitukana. Nyuma ya bidoni, kwa glavu nyembamba, zinatosha kuweka vidole hai, na fromaji hazihitaji zaidi ya hapo.

Ukishaunga, pima batri injini ikiwa inazunguka na vishikio vikiwaka. Ikibaki juu ya volti 13, sawa. Ikiendelea kushuka, zima.

Fromaji_Masisi
Umeme niuchukue kwenye waya wa taa ya mbele?

Fundi_Birere
Hapana, huo usiuguse. Chukua kwenye batri kupitia rilei (swichi inayowashwa na umeme), na rilei iamshwe na waya wa swichi ya breki unaopata umeme ufunguo ukiwashwa. Ukitoa ufunguo, vishikio vinazima hata kama umevisahau. Fyuzi ya ampea 5, karibu na batri kabisa, maana waya ukichubuka popote mbele yake, fyuzi ndiyo iungue kwanza.

Motari_Ndosho
Hiyo rilei huko Birere ipo?

Fundi_Birere
Ipo. Hata ya honi ya gari inafaa, kama ni ya volti 12. Usichukue ya lori, hizo nyingi ni za 24.