Nataka sanaa ya mapigano inayofanya kazi kweli, sio mbwembwe. Nianze na ipi?

Mrefu_Miwani

Wakuu habari zenu. Nina miaka 31, mrefu, mwembamba, navaa miwani, na sijarusha ngumi tangu nikiwa shule ya msingi. Sitafuti medali wala mkanda wa kutundika ukutani, nachotaka ni kwamba siku mtu akinivamia nisigande tu nikimwangalia. Sehemu za kujifunza nilizopata ni nne, kuna ngumi, kuna judo, kuna karate (mwalimu anasema wao wanapiga kata tu, yaani miondoko iliyopangwa, hawagusani), halafu kuna jamaa anafundisha mbinu za kujihami za kijeshi, huyu anadai ndani ya wikiendi mbili mtu yeyote anaweza kumpokonya adui kisu na hata bastola. Marafiki zangu ndio wamenichanganya kabisa, mmoja anasema ngumi ndio kila kitu, mwingine anasema bondia akishaangushwa chini hana lake. Naomba anayejua aniambie ipi inasaidia kwenye ugomvi wa kweli na KWA NINI, maana majina nimeshayasikia sana. Na miwani je, ni tatizo?

Konde_la_Kushoto

Mkuu nenda ngumi, usizunguke mbuyu. Sababu ni hii, ugomvi mwingi unaanza na mtu asiyejua kitu anarusha konde moja kubwa la kulia linalotokea nyuma kabisa, na asiyezoea anafanya mambo matatu kwa mpigo, anafumba macho, anainua kidevu, anarudi nyuma miguu imenyooka. Ngumi inakutoa hayo yote mapema sana. Miezi michache tu ya kupiga sparing nyepesi, yaani kupigana na mwenzako kwa mazoezi, utashangaa konde linakuja unaliona, macho wazi, kidevu chini, unasogea nusu hatua pembeni na lile konde linakata upepo. Hujampiga mtu bado lakini tayari hujapigwa, na hapo ndipo pa kuanzia. Halafu pumzi jamani, watu hawajui kupigana kunachosha kiasi gani, mtu ambaye hajawahi kufanya mazoezi anakata pumzi kabla hata dakika moja haijaisha, mikono inakuwa mizito haipandi tena.

Kitu kimoja tu ambacho makocha wengi wa ngumi hawakuambii. Jimu unavaa bandeji na glavu, nje huna. Ukimpiga mtu kichwani kwa mkono mtupu kuna kifupa kile nyuma ya kidole kidogo kinavunjika kirahisi mno, fuvu la mtu ni gumu kuliko mkono wako. Kwa hiyo jizoeshe pia kupiga kwa kitako cha kiganja, au peleka ngumi tumboni na mbavuni. Kama ungepata Muay Thai, ngumi za Kithailand, ningekwambia uende huko moja kwa moja maana wao wana viwiko, magoti na kushikana shingo, lakini kwenye hizo nne zako ngumi ndio jibu.

Mama_Tatami

Kaka Konde umesema vizuri ila umeruka kitu. Huyo mtu konde lake likikosa anafanya nini? Anakudaka. Anashika kola, anashika shati, mnavutana, na hapo glavu na miguu ya bondia havina kazi tena maana refa wa kuwaachanisha hayupo. Hapo ndipo sisi tunaanza.

Mdogo wangu Mrefu, mtu akikushika koti kwa mikono miwili ujue kakupa zawadi, maana mikono yake imeshapata kazi na uzito wake kausogeza kwako. Unamshika kola mkono mmoja, mwingine unashika nguo yake kwenye kiwiko, unavuta huyo mkono kuelekea kwako ili uzito wote umwangukie mguu mmoja, halafu mguu huohuo unaufagia kwa nyuma. Mtama wa kawaida tu, watoto wanapigana mitama kila siku, tofauti ni kwamba sisi tunaupiga kwa mtu anayekataa kuanguka. Na ardhi yenyewe ndio inampiga, sio mimi.

Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 hakuwa anaanza kutoka hewani, alichukua mbinu za zamani za jujitsu, mapigano ya Kijapani ya kukabana. Akili yake ilikuwa kwenye mazoezi: zile za hatari sana, za kutoboa macho na kuvunja vidole, akazitoa kwenye randori, yaani mazoezi ya kupambana huru, ili watu waweze kukabana kwa nguvu zote leo, na kesho warudi tena wakiwa wazima. Watu wanadhani mbinu kali zaidi ndio inamfanya mtu awe mkali. Wapi! Mbinu ambayo huwezi kuifanya kwa nguvu mazoezini hutaiweza ukiwa unatetemeka. Mwaka 1951 Masahiko Kimura, mwanajudo wa Japani, alienda Brazili akapambana na Helio Gracie, mkubwa wa jiu-jitsu ya Brazili, akamwangusha kama anavyotaka, akamkunja mkono ule mkunjo ambao mpaka leo watu wa jiu-jitsu wanauita kimura.

Judo nayo ina upungufu wake, sifichi. Sheria za mashindano zilibadilishwa kuanzia 2010 zikakataza kushika miguu, kwa hiyo klabu nyingine hazifundishi tena mtu akikurukia miguuni unafanyaje. Muulize kocha hilo kabla hujajiandikisha. Ila hata usipojifunza kingine chochote, utajifunza kuanguka bila kupasua kisogo, na kuanguka utaanguka tu maishani hata bila adui.

Baunsa_Mstaafu

Nimesimama milango ya kumbi za starehe miaka mingi, naongea nilichoona. Teke la kichwani sijawahi kuona hata moja, labda mlevi anayeanguka mwenyewe. Ninachokijua ni kusukumana, kushikana shati, kichwa cha pua, chupa, na rafiki wa yule unayepigana naye anayetokea nyuma ukiwa bize na yule wa mbele. Huyo wa nyuma ndio anaumiza watu. Kwa hiyo mama Tatami nakuheshimu sana, lakini kijana asije akafundishwa kulala chini na mtu kwenye sakafu huku wenzake wamesimama, atapigwa mateke mpaka basi. Mwangushe, wewe baki umesimama, ondoka.

Sasa huyo wa wikiendi mbili. Mimi sina shida na mbinu za kijeshi, Krav Maga kwa mfano, ile ya jeshi la Israeli, Imi Lichtenfeld aliianza kwenye vurugu za kweli huko Bratislava miaka ya 1930 na kuna klabu zake zinafanya kazi nzuri, watu wanavaa vifaa wanapigana hasa. Shida ni huyo anayeahidi. Angalia anavyofundisha kisu, nakuhakikishia mshambuliaji wake ananyoosha mkono mbele halafu anausahau hapo kama kondakta anayesubiri nauli, mwalimu anapata muda wa kuuzungusha na kuongea. Mtu mwenye kisu kweli anakukamata nguo kwa mkono wa kushoto na kwa wa kulia anachoma chap chap chap, mara tano kabla hujajua ni kisu.

Fanya hivi, vaa fulana nyeupe ya zamani, mpe mwenzako peni ile nene ya wino, mwambie akuchome anavyotaka na asisimame mpaka umemnyang'anya. Halafu hesabu madoa. Ukimaliza kuhesabu utaelewa kwa nini mimi nikiona kisu naweka meza au mlango katikati au nakimbia, na akitaka pochi nampa pochi. Ukikosa kabisa pa kukimbilia, huo mkono wenye kisu unaung'ang'ania kwa mikono yote miwili kufa na kupona, na hilo la kung'ang'ania utalipata kwenye judo au mieleka kuliko kwa huyo jamaa.

Kata_na_Kumite

Mbona karate mnaipita kimya kimya? Karate sio kitu kimoja. Hiyo ya Mrefu ya kata bila kugusana sawa, kwa anachotaka haimfai, nakubali. Lakini kuna Kyokushin, karate ya kugusana aliyoianzisha Oyama, pale watu wanatandikana makonde ya kifua na mateke ya mapaja bila glavu, ukitoka hapo ugumu umeupata. Kasoro yake kwenye mashindano hawapigi ngumi za uso, kwa hiyo wanazoea kusimama karibu karibu gadi (mikono ya kujikinga) iko chini, na ugomvini uso ndio wa kwanza kupigwa. Na Lyoto Machida alichukua ubingwa wa UFC, yale mashindano ya mapigano ya kuchanganya sanaa zote, mwaka 2009 akipigana kikarate kabisa, anakaa mbali, anaingia mara moja, anatoka.

Ila ukitazama historia utaona ubishi wa sanaa ipi ni bora ulishajibiwa, watu hawapendi tu lile jibu. UFC ya kwanza Novemba 1993, Royce Gracie, mtu wa jiu-jitsu, wa kawaida tu kimwili, alishinda watu watatu usiku mmoja kwa kuwapeleka chini mpaka wakakubali kushindwa. Kulikuwa na bondia pale, Art Jimmerson, aliingia amevaa glavu moja! Dunia nzima ikakimbilia jiu-jitsu. Miaka ikapita, watu wa mieleka wakajifunza kutokabwa, wapiga ngumi wakajifunza kutoangushwa, na leo hakuna bingwa anayejua kitu kimoja tu. Upande wa pili mwaka 2017 kule China, mpiganaji Xu Xiaodong alimpiga bwana mmoja wa tai chi, sanaa ya Kichina ya miondoko ya polepole, ndani ya sekunde chache tu, na tatizo halikuwa kwamba tai chi ni ya kale, maana mieleka ni ya kale kuliko. Yule bwana alizoea wanafunzi wanaoanguka kwa heshima.

Kwa hiyo mdau, ukienda kuangalia darasa acha kuangalia mwalimu, mwangalie yule anayefanyiwa. Anakataa? Anasukuma, anabadilisha, mbinu inashindikana mara nyingi kuliko inavyofanikiwa? Kaa hapo. Kama kila mbinu inafanikiwa, vaa viatu vyako uondoke.

Mrefu_Miwani

Asanteni sana aisee. Nimepita kuangalia. Karate nilipouliza kama kuna siku wanapigana, mwalimu akasema mbinu zao ni hatari mno kujaribu kwa mtu, nikamkumbuka Kano wa mama Tatami nikaaga. Ngumi na judo wote nimewaona wanatoka jasho kweli. Judo mtu mzito alikuwa anaangushwa na binti mdogo mdogo, na alikuwa anakataa haswa. Wasiwasi wangu sasa ni kichwa, kazi yangu ni ya kutumia akili, sitaki kupigwa kichwa kila wiki. Na miwani bado hamjanijibu, bila miwani nikinyoosha mkono vidole vyangu mwenyewe naviona kwa ukungu tu.

Konde_la_Kushoto

Hapo una haki. Klabu ambayo wageni wanapigwa kichwani kwa nguvu ili "wakomae" ikimbie, hao wanavunja watu tu. Sparing nyepesi inatosha, ngumi za mwili mnaweza kuongeza, za kichwa ziguse tu, na ukipata kizunguzungu au kichwa kuuma baada ya mazoezi unasimama unaenda kwa daktari, hurudi mpaka akuruhusu. Macho muulize daktari wa macho, hasa kama namba zako ni kubwa sana maana kuna macho hayafai kupigwa kabisa, na lensi za kuvaa ndani zinaweza kuchomoka ukipigwa.

Mama_Tatami

Miwani kwetu unaivua unaweka kwenye begi. Ukishamshika mtu humtafuti tena kwa macho, mikono inakuambia anaenda wapi, tunafundisha hata vipofu na wana judo yao kwenye Paralimpiki, wanaanza wakiwa wameshikana tayari. Kwako wewe ningesema judo iwe ya msingi halafu baadaye uongeze ngumi nyepesi kwa kaka Konde ili ujue jinsi ya kusogea mpaka umshike bila kula konde njiani.

Jambo moja la usalama, kabali. Ukikabwa vizuri shingoni pembeni damu ya kwenda kichwani inapungua, na kama sekunde kumi tu mtu anazimia. Kwa hiyo ukikabwa gonga mapema kwa mkono, usione aibu, na ukimkaba mtu akigonga achia hapohapo, usisubiri kocha.

Baunsa_Mstaafu

Nami niongezee kwenye hilo la kuachia. Nje hakuna anayegonga. Ukimpiga mtama akaanguka na njia iko wazi, ondoka. Ukibaki ukampa mateke akiwa chini, mbele ya sheria wewe sio uliyejihami tena, na kila mtu pale anarekodi kwa simu. Nimeona vijana waliochokozwa wakaishia wao kuitwa polisi kwa ajili ya lile teke la mwisho.

Na kabla ya yote hayo jizoeze kusimama mikono ikiwa juu, viganja wazi mbele ya kifua, "kaka yaishe, mi sina ugomvi". Mashahidi wanaona unaomba amani, na wakati huohuo gadi yako ipo tayari.

Mrefu_Miwani

Basi naanza judo Jumatatu. Mama Tatami siku ya kwanza naenda na nini? Sina zile nguo zao.

Mama_Tatami

Wengi wanaazimisha, uliza. Ukikosa vaa suruali ya mazoezi isiyo na zipu na fulana ngumu ambayo huioni huruma ikichanika. Kata kucha za mikono na miguu, vua pete na saa, beba ndala za kutembelea nje ya mkeka. Wiki ya kwanza utaangushwa tu, usiweke mkono chini kujizuia ukianguka maana ndivyo vifundo vya mikono vinavyovunjika, kunja kidevu kifuani upige mkeka kwa mkono mzima.