Ushauri jamani: chumba cha mtoto kwenye nyumba ya kupanga, misumari hairuhusiwi wala rangi

mama_kijacho
Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya miezi nane, ndo ya kwanza, tumepanga huku Tabata vyumba viwili na sebule. Kile chumba kidogo tulikua tumekitenga kiwe cha mtoto, sasa shida ni kwamba kinapigwa na jua la jioni, yani ukiingia saa kumi na moja hata ukuta ukiugusa ni wa moto, na dirishani kwake ndo wanapita bodaboda, mtaa wa pili kuna baa inapiga mziki ijumaa mpaka jumapili. Mkataba unasema marufuku kupigilia misumari na rangi usibadilishe, na kodi ya miezi sita tushalipa kwahiyo kuhama sio leo. Halafu nyuma ya kabati kuna ukungu mweusi mvua zikianza. Baba kijacho kashaona mtandaoni stika za ukutani na vile vimito vya kuzungushia kitanda anataka tuagize vyote. Mi nachotaka mtoto alale kwa utulivu na mimi nipumzike. Naanzia wapi?

mkunga_mstaafu
Hongera mwanangu, Mungu akufikishe salama. Mimi nimekaa wodi ya wazazi mpaka nimestaafu, nikwambie cha kwanza: hicho chumba kisikuumize kichwa sasa hivi. Miezi sita ya mwanzo mtoto alale chumbani kwenu, karibu na kitanda chenu lakini kwenye kitanda chake mwenyewe. Unamsikia akihema, unamnyonyesha usiku bila kutembea gizani, na hatari ya kufa ghafla usingizini inapungua.

Alale chali kila anapolala, mchana na usiku, usisikilize wanaosema atapaliwa, mtoto mzima wa afya akilala chali hapaliwi kirahisi hivyo. Godoro gumu kiasi, shuka moja iliyobana, basi. Mto hapana, blanketi zito hapana, midoli hapana, na hivyo vimito anavyotaka baba mwambie asinunue kabisa, mtoto anaweza kubana uso pale akakosa hewa. Hiyo hela afadhali mnunue feni.

Na neti ile uliyopewa kliniki hudhurio la kwanza usiiache kwenye mfuko wake! Itoe, itundike kivulini siku nzima ipigwe hewa ndo uitumie, usiianike juani dawa inaisha nguvu. Mtoto akifika miezi 9 kwenye chanjo ya surua utapewa nyingine.

fundi_wa_keko
Dada mi ni seremala, kuhusu misumari usihangaike na ukuta. Mwambie fundi akutengenezee kitanda chenye miti minne ya neti kwenye kona na fremu juu, neti inakaa pale pale kwenye kitanda, mkihama mnabeba kama kilivyo. Ila msimamie fundi wako kwenye mambo haya maana wengi wanatengeneza kwa kukisia: nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, kubwa kuliko hapo mwili wa mtoto unapita kichwa kinabaki. Godoro likiingia, pembeni visipite vidole viwili. Mwambie apige msasa mpaka ndani ya fito, sio upande wa mbele tu unaoonekana. Na vanishi ipigwe mapema, kikae nje hata wiki mbili tatu mpaka harufu iishe kabisa, usikubali uletewe kitanda kinanuka siku unatoka hospitali.

Ukiwa na miezi nane nenda kaagize wiki hii.

bint_tanga
Shoga mi nimelea wawili kwenye nyumba za kupanga, nakuelewa sana. Hilo jua la jioni lizuie kabla halijapita kwenye kioo, likishaingia ndani umechelewa. Kama dirisha lina nondo, nunua kitambaa kizito cha rangi nyeupe au krimu kifunge kwa kamba kwenye nondo zenyewe kwa nje, hamna msumari hata mmoja, kuanzia saa nane unashusha, jua likizama unafungua upepo uingie. Kwa ndani weka pazia la giza kwenye ile fimbo ya kukaza inayobana pande mbili za dirisha, hio haitoboi ukuta. Feni ielekeze ukutani upepo uzunguke, usimpulizie mtoto usoni, na waya ukae mbali na kitanda.

Joto la mtoto usilipime mikononi, mikono yao inakuaga ya baridi tu, shika shingoni kwa nyuma, pakiwa na jasho mvue. Kwa Dar mwezi wa pili nepi na kivesti kinatosha jamani, tuache kuwafunga watoto kofia na soksi ndani ya nyumba!!

Ukungu ndo usiuchezee, piga picha mtumie mwenye nyumba leo, maana mara nyingi ni bomba linalovuja au maji ya mvua yanarudi ukutani, na hilo ni la kwake kurekebisha sio lako. Kabati livute mbele kama shubiri moja hewa ipite nyuma. Kusugua na jiki afanye baba madirisha yakiwa wazi, wewe usiwepo.

mama_makete
Naongezea kwa wanaosoma walio huku kwetu kwenye baridi, maana ushauri wa feni hautuhusu. Tafadhalini msiweke jiko la mkaa chumbani kwa mzazi hata kama limeshakolea na halitoi moshi. Ile gesi yake haina harufu, inaua familia nzima wakiwa usingizini na kila msimu wa baridi tunazika. Mvalishe mtoto nguo mbili tatu nyepesi, funga mapengo ya mlango kwa kitambaa, jiko libaki nje.

mama_kijacho
Asanteni mno, mkunga shikamoo. Kitanda tunaenda Keko jumamosi. Ila mama mkwe anakuja kunilea arobaini na yeye ni mtu wa pwani, lazima afukize udi na ubani chumbani, nitamkatalia vipi? Na hii baa?

mkunga_mstaafu
Marahaba mwanangu. Usimkatalie, muombe afukize nguo zako na kanga sebuleni au barazani, mtoto akiwa chumba kingine, zikishapoa ndo zinaingia. Moshi wowote kifua cha mtoto mchanga hakiuwezi, iwe udi, dawa ya mbu ya kuchoma au sigara ya baba. Mwambie baba ndo aongee na mama yake, akisema wewe itaonekana mkwe ana dharau.

bint_tanga
Baa anzeni kwa mjumbe muende naye mkaongee kistaarabu, isiposaidia serikali ya mtaa, na ikishindikana kabisa kuna NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, kanuni za kelele zipo tangu 2015. Ila mtoto mchanga ngurumo ya feni inamtosha kufunika mziki wa mbali, tumboni kwenyewe hakukua kimya. Kwa bodaboda mlaze upande wa mbali na dirisha.