Wakutubi na watu wa nyaraka, tupeane uzoefu: nini kilikutoa kwenye kugonga mihuri?

Wakuu, habari zenu. Kila nikikutana na vijana wanaosomea ukutubi swali ni lile lile: "Hivi hii kazi ina mbele?" Nina miaka 17 humu, na majibu ya darasani wanayo tayari. Naomba tuweke visa vyetu wenyewe, hata vya kuaibisha. Naanza mimi.

Mwaka wa kwanza nilikaa dawati la mbele: gonga mhuri wa tarehe, pokea kitabu, rudisha rafuni. Namba za Dewey, zile za kupanga vitabu rafuni kwa mada, nilizijua kama sala, nikajiona nimefika. Siku moja akaja mama mmoja akaomba "kitabu cha sukari". Nikamwongoza bila kuuliza hadi 664, teknolojia ya vyakula, nikampa kitabu cha viwanda vya sukari chenye picha za mitambo. Akakaa nacho karibu saa nzima. Alipokirudisha akasema kwa upole, "Mwanangu, humu sijaona habari za kidonda."

Mumewe alikuwa na kisukari, kidonda cha mguuni hakifungi. Alichokihitaji kilikuwa 616.462, hatua chache tu kutoka pale alipokaa. Alikuwa ameamini kwamba mimi najua, ndiyo maana akajilazimisha kusoma habari za mitambo.

Tangu siku ile simpeleki mtu rafuni kabla sijamuuliza anataka kukifanyia nini kitabu. Halafu nikaanza kuandika maswali kwenye daftari: mtu kaja na nini, alichotaka hasa ni nini, tulimpa nini, na tulichokosa. Bosi wangu alipotakiwa kutetea bajeti, takwimu za vitabu vilivyoazimwa hazikumstua mtu. Alipofungua daftari langu na kusoma maswali 40 tuliyoshindwa kuyajibu kwa sababu hatuna vitabu, ukumbi ulinyamaza. Mwaka uliofuata nikahamishiwa kitengo cha ununuzi wa vitabu. Cheti changu kilikuwa kile kile.

Haya, karibuni.

Droo ya Kadi

Mleta mada, hapo kwenye sukari nimecheka halafu nikanyamaza, maana na mimi ninacho cha kwangu.

Mimi kilichonitoa ni Koha. Kwa wasioijua, ni programu huria ya kuendeshea maktaba. Ilizaliwa New Zealand, ikaanza kutumika mwaka 2000, na jina ni la Kimaori, maana yake zawadi. Kwetu hakukuwa na fundi wala fungu la kununulia programu za kulipia. Nikaisimika kwenye kompyuta iliyokuwa imetupwa stoo, jioni baada ya kazi, kwa kusoma maelekezo na kukosea. Mara ya kwanza diski ilikufa na kila kitu kikaenda nayo. Nakala rudufu nilijifunza hivyo.

Lakini kosa kubwa halikuwa la kompyuta. Tulikuwa watatu tunahamisha kadi za orodha ya vitabu kuziingiza kwenye Koha, na kila mtu anaandika jina la mwandishi anavyojisikia. Mmoja anatanguliza jina la ukoo, wa pili jina la kwanza, mimi naweka herufi za mwanzo tu. Mwandishi mmoja akazaliwa mara tatu. Msomaji akimtafuta anaona vitabu 4, wakati rafuni vipo 11. Tulirudia uga wa 100, ule wa jina la mwandishi, rekodi moja moja, zaidi ya 2,000, baada ya kukubaliana jina moja sanifu kwa kila mwandishi. Kazi ya kuchosha hadi macho yanauma. Ila nilipomaliza, MARC, mfumo wa namba za kuandikia taarifa za vitabu kwenye kompyuta, ilikuwa imeingia kichwani kiasi kwamba 245 nikiiona naona jina la kitabu, 650 naona mada. Maktaba nyingine walipotaka kuhama kutoka kwenye kadi wakaniita. Leo nalipwa kusimamia mifumo, na sijawahi kukaa darasa la kompyuta.

Masijala

Jamani msitusahau sisi wa mafaili. Ukipangiwa masijala watu wanakupa pole kana kwamba umefiwa.

Ofisi moja niliyofanya kazi, mkuu mpya alikuta chumba kimejaa akaagiza "makaratasi ya zamani" yatolewe. Niliomba kwanza tutengeneze jedwali la muda wa kuhifadhi: hili miaka mingapi, hili la kudumu, hili lichanwe, na nani asaini. Nikaambiwa napenda vumbi. Nikaandika dokezo, nikabaki na nakala, na makaratasi yakapakiwa kwenye lori. Miezi miwili baadaye ikaja kesi ya mfanyakazi wa zamani, wakili anataka faili lake la ajira. Faili lilikwenda na lile lori.

Dokezo langu ndilo lililoniokoa, tena ndilo lililonipandisha, maana sasa walitaka mtu wa kuandika huo utaratibu. Someni ISO 15489, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa kumbukumbu. Na dokezo msiache kuandika hata kama mnachekwa.

Nilihama

Naomba nipingane nanyi kidogo. Mnaeleza kama kwamba ukijituma lazima uonekane. Mimi nilijituma miaka 6, shahada ya pili ninayo, na bado kwenye vikao naulizwa, "Wewe si unakaa tu na vitabu?" Nilipoona hivyo nikahamia kitengo cha utafiti wa afya, kazi yangu ni kuwatafutia watafiti makala. Ni ukutubi ule ule! Kuchagua istilahi, kuunganisha visawe, kujua lini PubMed, hifadhidata ya makala za tiba mtandaoni, inakuletea makala 9,000 zisizo na kichwa wala miguu na lini inakuficha zile 3 unazozihitaji. Tofauti ni kwamba huku jina langu linaandikwa kwenye makala kama mwandishi mwenza. Kule nilikuwa nasaidia watafiti hao hao, naambiwa asante mlangoni.

Kwa hiyo wakati mwingine tatizo si wewe, ni chumba ulichokalia. Hata Ranganathan, mkutubi wa India ambaye sote tumemkariri kwa kanuni zake tano za ukutubi, alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kukabidhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924. Watu wanahama, wanaingia, wanatoka.

Mwaka wa Pili

Shikamooni. Mimi niko mafunzo kwa vitendo, nimepewa kubandika lebo migongoni mwa vitabu mwezi mzima. Basi. Hapo ninajifunza nini jamani?

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu. Bandika. Ila kabla ya kubandika fungua yaliyomo, jiulize kama namba uliyopewa inakifaa kitabu. Kisichokaa sawa kiandike pembeni, Ijumaa mpelekee mkuu wako orodha. Kwa adabu, usimsahihishe mbele za watu.

Mwaka wa Pili

Nimeanza leo. Kitabu cha tatu tu: ufugaji wa nyuki, kimewekwa 595.799. Ni sawa?

Droo ya Kadi

Hapo ni nyuki kama mdudu. Ufugaji uko 638.1. Usingoje Ijumaa.