Wenzangu wanajaza chati bila kupima wagonjwa. Nifanyeje?

Binti_wa_Kanda_ya_Ziwa:
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nasoma stashahada ya uuguzi na ukunga, mwaka wa kwanza, na sasa tuko wodini kwa mara ya kwanza, wodi ya wanaume. Darasani naenda vizuri. Kinachoninyima usingizi ni chati.

Asubuhi tunatakiwa kupima presha, mapigo, joto na pumzi kwa wagonjwa wote kabla madaktari hawajapita raundi. Mashine ya presha inayofanya kazi ni moja. Wenzangu wanapima wagonjwa wa mwanzo, waliobaki wanaangalia alichoandika mtu wa usiku, wanaongeza moja, wanapunguza mbili, wanajaza. Pumzi ndiyo kabisa: wodi nzima ni 20. Mimi nilipopima wote, raundi ilinikuta katikati ya wodi na muuguzi wa zamu akaniambia mimi ni mzito wa kazi. Hosteli nako naambiwa najifanya mtakatifu.

Kitabu cha prosija, kile tunachosainiwa kila kazi tuliyomfanyia mgonjwa, ni hivyohivyo. Mtu anasainiwa kwamba ameweka katheta (mpira wa mkojo) wakati aliangalia tu kwa mbali.

Nikiwasema, nitaishi nao vipi miaka mitatu? Nikinyamaza, nami si nimeshiriki?

Mwaka_wa_Mwisho:
Pole mdogo wangu. Usimchome mtu, utaumia wewe. Fika kabla ya makabidhiano ya zamu, sare iwe safi, kucha fupi, simu ibaki kwenye begi, wakubwa waheshimu. Hayo ndiyo yanayojazwa kwenye fomu ya tathmini. Kasi itakuja ukizoea. Namba kila mtu amezipitia, na madaktari wanajua.

Mkunga_Mwalimu:
Mwaka_wa_Mwisho mwanangu, hayo ya sare na kuwahi umesema vyema. Sentensi yako ya mwisho ndiyo nakusihi uiache kabla hujapewa leseni.

Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, sasa nafundisha. Chukueni mama aliyejifungua salama, anaongea na ndugu zake, ana uji mkononi. Saa mbili za kwanza tunampima kila dakika 15, naye anaona tunamsumbua. Mwanamke kijana mwenye afya akianza kuvuja damu, mwili wake unajikaza. Presha inabaki nzuri kwa muda, mapigo ndiyo yanayotangulia kupanda: 84, kisha 96, kisha 112. Aliyenakili 84 mara tatu amefuta onyo lote. Presha ikija kushuka, damu nyingi imeshatoka.

Pumzi nayo ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hiyo 20 ya wodi nzima inapendwa kwa kuwa haimshtui mtu. Mgonjwa akitoka 18 jioni akafika 28 alfajiri, hali yake imebadilika hata kama anakuitikia salamu. Kwa watoto mnajua: wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 anapumua haraka, wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40. Nani anaweza kukisia 38 na 42 kwa macho akiwa amesimama mlangoni? Unahesabu dakika nzima, mtoto ametulia.

Sasa binti, kuhusu uzito wako. Kwenye makabidhiano uliza nani alikuwa na hali mbaya usiku, uanze na hao. Mapigo, pumzi na joto havingoji mashine ya presha, vichukue wakati mwenzako anaitumia. Ukimaliza mapigo endelea kushika mkono wa mgonjwa na uhesabu pumzi kimyakimya, maana akijua unamhesabia anabadilisha. Usichokipima acha wazi, andika "haijapimwa, mashine inatumika", weka saa na jina lako, kisha mwambie muuguzi wa zamu kwa mdomo. Nafasi iliyo wazi inamfanya daktari aulize. Namba ya kupikwa inamfanya apite.

Aliyechelewa tunamwonya. Aliyefeli somo anarudia mtihani. Aliyepika rekodi ya mgonjwa mimi siwezi kumthibitisha kwamba anafaa kukabidhiwa watu. Na Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, ya kumfuta mtu kwenye rejista.

Huyo wa katheta nawaza atakavyopangiwa zahanati ya kijijini, usiku, peke yake, analetwa mzee ambaye mkojo umeziba tangu asubuhi. Hapo atamtazama nani?

Kuhusu kuwasema wenzako: mfuate mkuu wa wodi, mwambie mashine ni moja, hatumalizi kabla ya raundi, tunaomba tugawiwe vitanda. Ni ukweli na hauna jina la mtu. Ila ukikuta namba ya uongo kwenye chati ya mgonjwa anayezidiwa, pima upya na ita msaada hapohapo. Urafiki wa hosteli usiuweke mbele ya hilo.

Mwaka_wa_Mwisho:
Mama nimekuelewa. Lakini semeni na hili: tunaletwa kujifunza, tunageuzwa wafanyakazi. Usiku muuguzi mmoja na wanafunzi wawili kwa wodi iliyojaa. Mnategemea nini?

Mkunga_Mwalimu:
Hilo ni kweli, linaniuma, na sisi walimu tunapaswa kulisemea kuliko tunavyofanya. Chati iliyojaa inawaonyesha wakubwa kwamba watu wanatosha. Mkijaza uongo mnatunyima ushahidi wa kuombea watu zaidi.

Baba_Wawili:
Mimi si wa fani yenu. Mwanangu alilazwa na nimonia, mwanafunzi akakaa kitandani na saa yake muda mrefu, nikamwona hajui kazi. Alinyanyuka akaenda kumwita sista, mtoto akawekewa oksijeni. Binti, endelea kuwa mzito.

Binti_wa_Kanda_ya_Ziwa:
Asanteni sana. Kesho nitamfuata mkuu wa wodi. Na je, akiniamuru kujaza ni muuguzi mwenyewe?

Mkunga_Mwalimu:
Mjibu kwa adabu: "Sista, huyu sijampima, naomba nikampime sasa." Akikazia, usitie saini yako. Andika tarehe na saa kwenye daftari lako bila jina la mgonjwa, umpigie mkufunzi siku hiyohiyo. Kama chuo hakijawapa namba ya msimamizi wa mafunzo ya vitendo, iombeni kesho asubuhi kabla hamjaingia zamu.