Bond tatu za mwisho za Fleming: ipi kali zaidi, na ile ya bastola ya dhahabu ni mbovu kweli?

mtumba_wa_vitabu
Wakuu habari za jioni. Juzi nilipita kwa yule jamaa anayetandaza vitabu chini pale mjini nikakuta Bond tatu, zile riwaya za jasusi wa Uingereza James Bond, za jalada laini, karatasi zishakuwa rangi ya chai ya maziwa, tukavutana bei mpaka akaniachia zote kwa elfu sita. Ni On Her Majesty's Secret Service (1963), You Only Live Twice (1964) na The Man with the Golden Gun (1965). Ndo riwaya tatu za mwisho za Ian Fleming, sirizi yenyewe ilianza 1953.

Sasa waliosoma nisaidieni, ipi bora? Maana huku na kule naona watu wanaiponda hiyo ya 1965, eti mzee alikuwa keshachoka. Mimi nimeanza na hiyohiyo kwa sababu ndo nyembamba, sura 17 tu, inaingia mfukoni, na sura za mwanzo zimenifanya nipitilize kituo. Bond katoweka mwaka mzima wanajua kafa, mara anapiga simu ofisini, anaingia kwa bosi wake M, anatoa kitu anataka kumrushia sumu, M anabonyeza kitufe kioo kinashuka kutoka darini, sumu inatapakaa kwenye kioo. Sasa ubovu uko wapi hapo?

Binti_Pangani
Kaka umeanzia mkiani! Hizo tatu ni stori moja imekatwa vipande. Ya 1963 Bond anaoa, na unajua mwenyewe mtu kama yule akioa kwenye kitabu ujue kuna msiba unakuja. Ya 1964 ni mjane amekuwa mlevi, kazi zinamharibikia, wanampeleka Japani karibu kama adhabu, anamaliza kisasi chake halafu kichwa kinapigwa kumbukumbu zote zinapotea. Hiyo unayoisoma ndo anarudi baada ya Warusi kumwosha ubongo. Ukianza na ya tatu ni sawa na kufika msibani siku ya arobaini unauliza aliyefariki nani.

Kura yangu ni ya 1963, bila kupepesa macho. Yule Tracy anayeolewa na Bond ndo mwanamke pekee kwenye sirizi nzima niliyemwona ni mtu.

mtumba_wa_vitabu
Dada umeshanimalizia utamu wa vitabu viwili kwa aya moja 😂

Binti_Pangani
Vina miaka sitini hivyo, muda wa siri umeisha.

kijiwe_cha_muvi
Mimi nimeona muvi tu. Mbona Scaramanga, yule muuaji mwenye bastola ya dhahabu, yuko kwenye kisiwa chake kule Asia? Roger Moore, 1974.

Mstaafu_Chalinze
Hiyo muvi kijana iweke pembeni, ilichukua jina na bastola basi. Kitabu kizima baada ya London kiko Jamaica. Na hao watu wa muvi walivuruga hata mpangilio, walitoa You Only Live Twice 1967 halafu ile ya harusi 1969, kwa hiyo kisasi kikatangulia kosa.

Fundi_Mantiki
Naona mnaikwepa hoja. Golden Gun ni dhaifu, tuseme ukweli. Lugha haina shida, tatizo ni mantiki. Scaramanga ndo muuaji wa kukodi ghali kuliko wote upande ule wa dunia, anakutana na mzungu asiyemjua kwenye danguro, wanarushiana maneno dakika chache, papo hapo anampa kazi ya kulinda mkutano wa siri wa majambazi ambao ndani yake kuna mtu wa KGB, majasusi wa Warusi. Jamani hata kupata ulinzi wa geti Sinza utaulizwa barua ya mtendaji na wadhamini wawili!

Halafu kuna sehemu wako kwenye gari, Bond kakaa nyuma, kisogo cha jamaa kiko mbele yake kabisa, bastola anayo na alichotumwa ni kumuua huyohuyo. Hafanyi kitu. Anajiambia hapendi kuua mtu kinyama, na dereva naye itabidi amuue, mara ooh bado ana hamu ya kujua mipango yao. Kwangu hapo ni mwandishi anajua akimuua sasa hivi kitabu kinaishia katikati.

Na hiyo sura ya sumu inayosifiwa na mleta uzi, inakwenda wapi? Wanampeleka hospitali wanamtibu kwa shoti za umeme, kurasa chache tu Bond mzima kama jana. Ile ingekuwa riwaya nzima peke yake, yaani mtu asiyeamini kichwa chake mwenyewe, jamaa akaitupa kama ganda la muwa.

msomaji254
Niaje wadau, nikiwa Nairobi hapa. Hiyo kitabu ilikuwa inazungushwa bweni letu tukiwa fomu tuu hadi kava ikapotea, tulikuwa tunajua ni Golden Gun kwa sababu ya page moja ilikuwa na alama ya uji. Fundi_Mantiki uko sawa kwa hizo zote lakini unasahau mtu alikuwa mgonjwa. Fleming alipata shambulio la moyo 1961, hiyo riwaya akaiandika mwanzo wa 1964 kule kwake Goldeneye, Jamaica, akiwa hawezi kukaa mezani masaa kama zamani, na tarehe 12 Agosti mwaka huohuo akaaga. Kitabu kikatoka Aprili 1965 yeye hayupo. Kwa hivyo unachosoma ni rasimu ya kwanza iliyopigwa msasa na wengine. Zile nyama alizokuwa anarudi kuongeza, aina ya sigara, chakula kimepikwaje, gari inalia vipi, hazikuwekwa. Umepewa mifupa.

Fundi_Mantiki
Nasikia kuna mtu alimmalizia. Yule mwandishi Kingsley Amis.

msomaji254
Hapana, hiyo ni stori ya mtaani. Fleming alifika mwisho mwenyewe. Amis aliombwa tu asome na atoe maoni, na moja ya lawama zake ilikuwa hiyohiyo yako, mbona Scaramanga anaajiri mtu asiyemjua. Ukiona Amis kaandika Bond ni ile Colonel Sun ya 1968, alitumia jina la Robert Markham.

Mstaafu_Chalinze
Mimi naitetea hii ya mwisho kwa sababu moja tu na si mantiki. Someni ile sura ya Savannah La Mar, nyumba namba tatu na nusu. Mchana joto, baa haina watu, kuna binti anaitwa Tiffy na ndege wawili weusi waliozoea watu, wamepewa majina, Joe na May, wanaingia na kutoka kama kuku wa nyumbani. Hamna kinachotokea. Unasikia kabisa ule uvivu wa mji wa pwani saa nane mchana, mimi nilikumbuka Bagamoyo ya utotoni. Mara Scaramanga anashuka ngazi, na kwa kuonyesha tu kwamba anaweza, anawapiga risasi wale ndege wote wawili. Binti analia. Hakuna mtu aliyeuawa kwenye vitabu hivi aliyenigusa kama wale ndege.

Hapo ndo utajua mtu anaandika mahali anapoishi. Japani ya kile kitabu kingine alitembelea tu, ndo maana nusu yake ni kama mtalii anakusomea daftari lake, mara chakula hiki, mara mashairi, mara namna ya kukaa chini. Unafika katikati ya kitabu adui bado hujamwona.

Binti_Pangani
Mzee hapo nakupinga kidogo kwa heshima. Ile bustani ya mimea ya sumu ambako watu wanakwenda wenyewe kujiua, hiyo picha haijanitoka mpaka leo. Na kuna mazungumzo ya Tiger Tanaka, mkuu wa majasusi wa Japani, anamchana Bond kwamba nyinyi Waingereza dola lenu mmelitupa wenyewe, Bond anakasirika anatetea huku unaona hoja zimemwishia. Nilicheka peke yangu. Kitabu kimetoka Machi 1964, Tanganyika ishapata uhuru, Kenya ishapata, Jamaica yenyewe ilipata Agosti 1962. Yaani Januari ile mzee yuko mezani anapiga taipu hiyo Golden Gun, huku Zanzibar Mapinduzi yanatokea.

kijiwe_cha_muvi
Kwa hiyo nisome ipi sasa, mnanichanganya.

Fundi_Mantiki
Kama ni moja tu, ya 1963. Hapo hata mimi na Binti_Pangani tunakubaliana. Ila hizi mbili nyingine zinasomwa na mtu ambaye keshampenda Bond, kama unavyomtembelea babu mgonjwa, huendi kwa ajili ya stori zake. Nakubali pia kwamba kule kwenye mikoko mwishoni, Scaramanga ana jeraha, anamkamata nyoka anamla mbichi, Bond amejificha anamwangalia, hapo mzee aliamka tena. Dakika kumi za Fleming wa zamani.

mtumba_wa_vitabu
Wakuu nimerudi, nimeimaliza… na sijaimaliza. Mikoko nimepita, ile sala ya uongo nimepita, yaani unaomba kusali kumbe una kibastola kingine cha dhahabu nyuma ya shingo, nilipiga kelele kwenye gari watu wakageuka. Bond yuko hospitali, Mary Goodnight, yule aliyekuwa katibu wake, kaja na ujumbe wa siri kutoka London, nafungua ukurasa naona jalada la nyuma. Karatasi zimechanwa! Mwenye nacho anisimulie, London wanataka nini?

Mstaafu_Chalinze
Pole mwanangu. Wanataka kumpa cheo cha heshima kutoka kwa Malkia, aanze kuitwa Sir James. Anakataa. Anasema yeye ni mkulima tu wa Uskoti na atajisikia vizuri akibaki hivyo. Mary Goodnight anamkaribisha akauguzwe nyumbani kwake, anakubali, lakini moyoni anajua kabisa kwamba yeye hata dirisha liwe na mandhari nzuri namna gani, atalichoka. Ndo basi.

mtumba_wa_vitabu
Dah. Kakataa!

Asante mzee. Kesho naenda kwa yule jamaa anirudishie elfu mbili yangu, au anipe ile Colonel Sun niliyoiona pembeni nikadhani si ya Bond.

Binti_Pangani
Kabla hujalipa hesabu kurasa.