Mrejesho: masikio kuuma kwenye kozi ya kuzamia kwa mtungi wa hewa

Niliuliza kuhusu masikio kuuma nikifika mita 3, na miwani kuingia maji. Ahsanteni sana wakuu.

Kilichosaidia masikio ni kushuka miguu ikitangulia, mkono kwenye kamba ya boya, kubana pua na kupuliza taratibu kila nusu mita, kabla hayajauma. Yakianza kuuma, panda mita 1 kwanza. Ukilazimisha unaweza kupasua ngoma ya sikio. Miwani ilivujisha kwa sababu ya nywele tu chini ya mpira wake unaogusa uso!

Mbizi ya 4 imeshindikana: mafua. Dawa ya kuzibua pua sikuigusa, maana ikiisha nguvu chini, hewa hunasa masikioni wakati wa kupanda. Mwalimu kanijazia fomu ya mbizi nilizokwisha kufanya, nitamalizia kozi kisiwa kingine.