Naomba ushauri: kwenda Living History Farms na watoto wadogo

Habari zenu wakuu. Tunaishi Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, na Jumamosi nataka kuwapeleka wanangu, wa miaka 3 na 6, Living History Farms pale Urbandale, makumbusho ya wazi yanayoonyesha mashamba ya zamani yalivyokuwa. Kuna shamba la walowezi la mwaka 1850, lenye nyumba ya magogo na maksai wa kulimia. Lipo pia la watu wa Ioway, wenyeji wa asili wa huku, la mwaka 1700, na hilo ndilo nataka waanze nalo, wasije wakadhani walowezi walikuta ardhi tupu.

Shida ni huyu mdogo: akiona moto jikoni lazima ausogelee, na kubebwa hataki kabisa! Waliokwenda na watoto, mliwadhibiti vipi? Kigari cha mtoto kinapita vizuri zile njia za mashambani? Na chakula, mlibeba cha nyumbani?